Meza ya Kulipia

…na samaki mwenyewe wamemkata kichwa, sasa mtu unakula samaki hujui alikuwa changu au chewa, umewekewa kipande cheupe cha mraba kama sabuni ya kufulia, juu wamenyunyiza majani, chini wamemwaga kitu cha kijani, na Amjad mwanangu amesimama hapa ubavuni, mkono mmoja kauweka juu ya mgongo wa kiti, hakai, meza nzima niko peke yangu na viti vitupu tele, na hakai, anaongea tu, anasema saa nane boti ndogo itatushusha, mama, kabla wale wazungu hawajarudi kutoka mapango ya Amboni, anasema Sabiri atatungoja bandarini na wakili wake, hatukawii, ni kutia sahihi tu, halafu tunarudi melini tunaendelea na safari yetu raha mustarehe, hivyo ndivyo anavyosema, raha mustarehe, shati lake jeupe linanukia udi wa mkewe, shati la kupandia huko juu, maana huko juu kwenye mgahawa wa kulipia haingii mtu na fulana, siku hizi kula nako kuna sheria ya nguo, basi anamaliza, anainama kidogo, ananiuliza, "Sawa, mama?"

Sawa… anataka niseme sawa, na ulimi wangu umeshaanza kuitafuta haya mwanangu, ndivyo ulivyozoea, bahati yake mdomo una samaki na sisi hatukulelewa kusema na tonge mdomoni, kwa hiyo natafuna, acha angoje, natafuna kipande hiki kisichojua chumvi wala ndimu, polepole, na dirishani naiona Tanga, Tanga yangu mwenyewe, kile kisiwa cha Toten, zile winchi za bandarini, ile miti ya Raskazone, na huko nyuma ya miti ndiko Chumbageni, ndiko nyumba ya baba yangu iliko, na mimi nimekatiwa tiketi, nimevalishwa abaya mpya, nimepandishwa meli Unguja, nimezungushwa Pemba, ili niletwe kuutazama mji wangu kutoka majini kama mtalii, wallahi watu wana mambo, Chiku jirani yangu saa hizi yuko barazani pangu, ananitunzia kuku, akiisikia honi ya meli hii atawaambia wapita njia Bi Ghanima yumo mle, anakula vinono… vinono vipi, Chiku mwenzangu, njoo uone wali ambao punje hazijuani, pilau halina bizari, mchuzi mwepesi ungesema wamesuuzia sufuria, na ukumbi mkubwa kama bohari la mkonge, kila mtu kashika sahani yake anajipakulia, hakuna wa kumwambia mwenzake sogea tule, na hiki ndicho wanachokiita cha bure, kana kwamba ni sadaka, si cha bure hata kidogo, kimo ndani ya tiketi, umeshakilipia kabla hujaikanyaga ngazi, halafu wanakuja na ulimi wa asali kukwambia kuna kingine, bora zaidi, kwa nyongeza kidogo tu, na wapo watu wenye akili zao wanaotoa hiyo nyongeza, mmojawapo nimemzaa mimi.

Jioni ile ya kwanza, hata Unguja hatujaiacha, alinikuta chumbani napanga nguo, Ghadir mkewe kaegemea mlango na simu yake, akasema, mama, kule juu kuna migahawa ya kulipia, mmoja wa samaki, mmoja wa Kitaliano, tunataka kuweka nafasi, na wewe tukuweke, na mimi nikamjibu kama alivyonifundisha mama yangu na mamaye alivyomfundisha yeye, "Aka, mie hiki cha chini chanitosha, nyie nendeni." Sasa hayo ni maneno gani, mtoto gani wa Tanga asiyeyajua maneno hayo, mtu akikukaribisha chakula mara ya kwanza anakusalimu tu, na wewe ukisema nimeshiba unamwitikia, hata kama njaa inakukata matumbo, atakwambia tena, utakataa tena, ndipo atakushika mkono, atakuapia kwa Mola kwamba hutoki kwake bila kuonja, hapo ndipo unavua viatu, unanawa, unasema bismillahi, huyo Chiku ninayemtaja miaka yote namburuza kwenye sinia langu, kila siku eti kashakula, kila siku namvuta, na tonge la kwanza analoshika ni kubwa kuliko langu, siku nisipomvuta ataondoka zake kimya na mtaa mzima utajua tumegombana, lakini Amjad hakunivuta, alisimama pale kama asubiriye risiti, na Ghadir bila kuinua uso kwenye simu akasema, "Mama kashasema hataki," basi, ikaisha, wakaweka nafasi zao kwa safari nzima, na mimi nimekula peke yangu Unguja, nimekula peke yangu Pemba, leo nakula peke yangu Tanga, kwetu, nikiwa mgeni wa mtoto wangu… "Mama, unanisikia," anasema, nakusikia, natafuna, ngoja.

Na wakirudi huko juu wananionyesha picha, hawajui hamu yangu wala hawaoni aibu, Ghadir ananisogezea simu puani, ona mama, sahani pana kama ungo, katikati mkono mmoja wa pweza, mmoja, umejikunja peke yake, pembeni kitu chekundu kimepakwa kwa brashi, pweza, jamani, mji huu huu jioni pweza anakatwakatwa kando ya barabara, unamchoma na kijiti, unachovya kwenye pilipili, supu yake unapewa kikombe, na mtu aliyesimama karibu nawe anakuuliza hali ya watoto, nikamwuliza Ghadir, mlishiba, akacheka yule mtoto wa Pangani kana kwamba hakukulia nyumba yenye kinu, akasema kule mtu haendi kushiba, mama, nilitaka kumwuliza basi mnakwenda kufanya nini, na Amjad, masikini, hajui kuficha, akasema samaki wa juu na wa chini ni yule yule, jiko moja, wapishi wale wale, ila kule kuna utulivu… utulivu, neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, analipa juu ya malipo kununua utulivu, kelele iko wapi, wazee wa kizungu waliomo humu wanatafuna kama wako msikitini, hapana mtoto anayelia, hapana redio, mwenye kelele humu ni mimi, kelele ni mimi ninayesema ule mti wa mkungu wa uani umezaa, yale mabati ya jikoni yanavuja, baba alikichimba kile kisima mwenyewe na maji yake hayajaingia chumvi, mimi ninayeitaja nyumba, basi ukiniuliza kama inafaa kulipia ile migahawa ya juu nitakwambia inafaa sana, ikiwa unachonunua ni kutokaa meza moja na mama yako.

Nyumba… alinipigia simu kutoka Maskati, hata mwezi haujaisha bado, akasema, mama, nyumba ni kubwa, uko peke yako, Sabiri anaitaka ajenge nyumba ya wageni, njoo ukae nasi huku, chumba chako kina kiyoyozi, na mimi moyo ulinipasuka, wallahi nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, nyumba ya baba yangu, si ya mume wangu, si urithi wa Amjad, ya baba yangu aliyonipa mimi kwa mkono wake, nikamwambia, "Haya, baba, weye ndo mwanaume, fanya uonavyo," na mama wa pwani akikwambia fanya uonavyo unaacha ulichoshika unakuja mbio, unakuja kumpigia magoti, unamwuliza mama nimekukosea nini, yeye akasema ahsante mama, Mungu akuweke, na kesho yake akaniletea habari ya meli, nikapumzike, nimeteseka sana kumlea, na mimi siku zote hizi namtafutia udhuru, najiambia ni Maskati hiyo, kule watu wanasema neno moja na kulimaanisha, mtoto kasahau, miaka mingi anakula na watu wasiojua, si ubaya, ni kusahau, kwa hiyo sasa nitameza, nitamwambia haya mwanangu kwa sauti ile ya chini, na akiniangalia vizuri usoni ataona, damu ni damu, ataona tu…

"Mama, wananingoja," anasema, "na ami Yaarub hapendi kungojeshwa," na anaangalia saa yake, anaangalia lifti.

Ami Yaarub… babake Ghadir, mzee wa Pangani mwenye minazi yake, tuliyepanda naye meli hii, yuko huko juu anakunjuliwa kitambaa, na lifti ile ile, leo asubuhi, mimi nimesimama na mkoba wangu, Mzee Yaarub akasema na lile jicho lake la huruma, aka, mwanangu, tumbo langu halitaki vya juu, mie ntakula hapa chini na mama yako, na Amjad akafanya nini, akamshika mkono, akasema haiwi, ami, mzee akakataa, Amjad akasema wallahi hutuachii kiti kitupu, mzee akakataa tena huku anacheka, Amjad akamkumbatia bega akamwingiza kwenye lifti taratibu, kwa adabu, hasa kama babu yake alivyokuwa akiwaingiza wageni ukumbini Idi mosi, na mimi, mjinga mimi, nilitabasamu pale na mkoba wangu, nilisema moyoni mashaallah, tazama mtoto niliyemlea, tazama alivyo na adabu, mlango wa lifti ukafunga wakapanda, nikaja kuchukua sahani yangu ya chai ya asubuhi… hakusahau. Hakusahau kitu. Anajua mara ya kwanza ni nini na mara ya pili ni nini, anajua mkono unashikwa wakati gani, Maskati haikumsahaulisha, anajua vizuri sana, kwa mkwewe anajua, ila kwangu alichagua kuwa mgeni wa lugha yangu, niliposema hiki cha chini chanitosha alisikia nataka, niliposema fanya uonavyo alisikia naumia, alisikia vyote, akayachukua maneno akaiacha maana, kwa sababu maneno yalimfaa.

Naumia, sitasema uongo, hasira iko juu juu tu, chini yake naumia kama siku ile niliyomsindikiza uwanja wa ndege akaondoka bila kugeuka, na uchungu wenyewe ni kwamba wamepanga yote juu ya adabu yangu, wanajua Ghanima hawezi kusema hapana mbele ya wakili, mbele ya mtu baki, bandarini watu wanapita, wanajua nitatabasamu, nitasema haya, nitashika kalamu, nitaona afadhali nikose pa kufia kuliko kumwaibisha mwanangu mbele ya Sabiri, na wamenijua kweli, maana hebu nifikiri, lini mimi nimekataa kitu nisichokitaka… nimekataa chai ninayoitamani, nimekataa vitenge nilivyovipenda, nimekataa kupelekwa hija mpaka marehemu mume wangu akaamini siitaki akaenda na dada yake, maisha yangu yote nakataa ninavyovitaka, nasubiri nishikwe mkono, na nisivyovitaka nimevipokea vyote, kimya, kwa mikono miwili, na ahsante juu.

Nimemeza. Nakunywa maji kidogo, nakiweka chini kikombe, na namwambia, bila kuishusha sauti, bila lile mwanangu, bila lile haya, "Siuzi."

Ananitazama, midomo haijui icheke au isicheke, na mkono ule uliokuwa kwenye kiti unashuka, unaushika mkono wangu juu ya meza, joto, mkono wa baba yake kabisa, anauvuta kidogo, anasema, "Mama, inuka twende zetu juu ukale nasi, wallahi hutobaki hapa peke yako," na angeniambia hivi juzi ningeinuka hata kabla hajamaliza, ningekula ule mkono mmoja wa pweza nikamsifu mpishi, ningesema hata mimi kwamba inafaa, lakini leo ananivuta kwa sababu ya saa nane, ninauona uso wake na yeye anajua ninauona, na mkono wangu nauacha palepale, siuvuti, siutoi, "Nenda kale, Amjad," namwambia, "lakini mpigie Sabiri kwanza, umwambie asije bandarini, nyumba ya baba yangu siuzi, wala leo wala kesho, na maneno haya yachukue kama yalivyo," na yeye bado amesimama, anangoja niseme natania, huko dirishani boti ya wazungu inarudi kutoka mjini mapema, na mimi kwa mkono ulio huru nakata kipande kingine cha samaki.