Maziwa Niliyompa Admirali

Ninyi wenye watoto wachanga, mkiitwa jumbani kwa mabwana kwenda kunyonyesha, someni hili kwanza.

Mimi ndiye niliyemnyonyesha Ture Grenstjerna, huyu mnayemsikia leo kuwa ni Admirali, bwana wa manowari za mfalme. Mama yake alikuwa mtu wa dansi na karamu, hakutaka kifua chake kiharibike. Basi titi la kulia likawa la Ture, la kushoto la mwanangu Jöns. Walipokuwa wanaume, Ture alimchukua Jöns baharini ashike usukani wa manowari yake. Watu wakanionea kijicho. "Ingrid, wewe umeula," wakaniambia. "Una mtoto jumbani."

Vita na Wadenmaki vilipoanza, manowari ya Admirali iligeuza mgongo katikati ya mizinga, ikakimbia. Zilizokuwa nyuma yake zikateketea pamoja na watu. Mfalme akauliza: nani aliyegeuza?

Ture akaja jikoni kwangu, manyoya ya kofia yanagusa boriti. Jöns alikuwa anakula mkate na samaki wa chumvi, na mkewe Gunilla, tumbo liko mbele, anakoroga supu ya njegere.

"Jöns, sema usukani ulikuponyoka," Ture alisema. "Mimi nikisema niliamuru, huo ni woga, na woga hausamehewi. Wewe ukisema, ni kosa tu. Nitamwomba mfalme mwenyewe. Utarudi hapa kabla supu haijapoa."

"Apa," nikamwambia. "Apa mbele ya mchungaji."

Akacheka, akanishika bega. "Yaya, mimi niliyekung'ata hata meno hayajatimia, leo unanidai kiapo? Mimi na huyu tumenyonya titi moja."

"Mama, usimwaibishe Bwana," Jöns akasema, mashavu yamejaa mkate. "Huyu ni ndugu yangu."

Nilimshika mkono. Akautoa.

Mbele ya mahakama alisema vile alivyofundishwa. Ture alikaa upande wa waamuzi, anavuta vidole vya glavu yake kimoja kimoja. Hakufungua mdomo. Mwanangu alitundikwa kwenye mlingoti wa manowari ileile, nami nimesimama gatini na wanawake wengine. Mpaka wanamvisha kitanzi alikuwa anamtazama Admirali, anatabasamu, anangoja msamaha.

Nilimfuata jumbani. "Ni sheria ya bahari, yaya," alinijibu mlangoni. "Mikono yangu ilifungwa." Mikono yenyewe ina pete mpya aliyopewa na mfalme.

Gunilla alijifungua mtoto wa kiume. Majani yalipoanza kupukutika, gari la farasi la Admirali likasimama mlangoni kwetu. Akashuka Beata, msimamizi wa jumba, na shali mpya ya sufu mkononi.

"Mke wa Admirali amejifungua, maziwa hayatoki," akasema. "Admirali hataki maziwa mengine ila ya nyumba hii. Anasema ndiyo yaliyomfikisha alipo."

"Jöns naye aliyanywa," nikamjibu. "Muulize yamemfikisha wapi."

"Ingrid, usinirudishe mikono mitupu. Nyumba hii mnayolala ni ya nani?"

Gunilla akaanza kuinuka. "Mama, tukifukuzwa tutalala wapi? Theluji hiyo inakuja."

"Kaa," nikamwambia. "Mnyonyeshe mwanao. Matiti yote mawili ni yake."

Tulitolewa hata theluji haijaanza. Sasa tunapasua samaki bandarini, vidole vimeliwa na chumvi. Mtoto anakohoa, nami kutwa nzima sikio langu liko kwenye kifua chake.

Jumbani alikwenda Märta, binti wa jirani yetu wa zamani, mwenye kichanga mgongoni. Jana amepita hapa bandarini na shali ileile ya sufu. Nikamwita, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi.

Akacheka. "Ah, Bibi Ingrid, wivu huo," akasema. "Mwanangu ameshaahidiwa manowari."