Homa ya Kompyuta ya Nyongeza

Watu wa mtaa ule walimwita Nyongeza, na hakuna aliyemwonea. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwangalizi wa pampu za maji, na tangu astaafu alisukuma maneno kwa nguvu ileile. Ukimwambia umeona nyoka wa mita moja, wake alikuwa wa mita nne, tena alimpisha njiani kwa adabu.

Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga. Binti yake alipomwachia mashine yake ya zamani, mzee aliifungua ubavu siku hiyohiyo, akaipuliza vumbi, na mwezi haukuisha kabla hajajua njia ya kuingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka wakati kompyuta haijaamka vizuri. Humo ndimo alimogundua kwamba RAM, vile vibao vyembamba ambamo kompyuta hushikilia mambo inayoyafikiria kwa sasa, vinaweza kukimbizwa kupita kasi iliyoandikwa kiwandani. Kiwanda kiliandika elfu tatu na mia mbili. Nyongeza aliisoma namba ile kama dereva anavyosoma kibao cha mwendo akiwa hajaona askari.

Jumamosi moja, mdomo ukamponza.

"Yangu inakwenda elfu tatu na mia sita," alisema, ameegemea kaunta dukani kwa shemeji yake. "Mwezi wa pili huu. Haijakosea hata herufi."

Shemeji alikuwa mdogo wa mkewe, muuzaji na fundi wa kompyuta, na duka lake lilikuwa na dirisha moja kubwa lililotazama barabara. Hakuinua kichwa kutoka kwenye kibodi aliyokuwa akiisugua kwa mswaki.

"Hata herufi, shemeji?"

"Hata nukta."

"Basi ilete Jumamosi ijayo. Tunaiwekea programu ya kupima RAM, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kasi hiyohiyo unayoisema. Ikitoa kosa moja, moja tu, mwezi mzima hutasimulia kisa chochote humu dukani. Utaingia, utasalimia, utakaa kimya."

Kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuja kuazima bisibisi, aliangua kicheko. "Mwezi mzima? Huyu atapasuka kama tairi! Mimi ndiye mwamuzi, msinitafutie mwingine."

"Na ikitoka safi?" Nyongeza aliuliza.

Shemeji akafikiri. "Ikitoka safi, nitakaa kwenye stuli ile nisikilize kisa chako kimoja, mwanzo mpaka mwisho, bila kukukatiza."

Hapo Nyongeza akaiacha kaunta, akasimama wima. Katika miaka yote ya undugu wao alikuwa hajapata kufika sentensi ya tatu bila shemeji kunyanyua mkono na kusema, "Subiri kwanza, mwaka gani huo?" Visa vingapi vizuri vilikuwa vimekufa vichanga mbele ya mkono ule! Akakubali palepale.

Tatizo lilikuwa dogo tu: mashine ilikuwa inakosea. Ilikosea kila siku. Ilikimbia vizuri saa moja, saa moja na nusu, kisha kwenye programu ya majaribio mistari myekundu ikaanza kuteremka kama siafu.

Nyongeza hakuwa mjinga wa kazi yenyewe. RAM, kwa jinsi alivyoielewa mtu wa maji, ni ndoo ndogo zisizohesabika, na zote zinavuja. Kila baada ya muda lazima zipitiwe zijazwe tena, la sivyo kompyuta inasahau. Zikipitiwa mara kwa mara, kazi nyingine husimama kupisha. Zikicheleweshwa sana, zinakauka. Muda wa kungoja kati ya mzunguko na mzunguko ulipangwa kwa namba, na Nyongeza alikuwa ameipandisha mpaka elfu sitini na tano na ushee, kwa sababu moja ya msingi: ndiyo namba kubwa kuliko zote zilizokubalika. Kibao nacho kilipaswa kungoja mapigo kumi na sita ya saa ya ndani ya kompyuta kabla ya kujibu. Akakibana kijibu kwa kumi na manne. Na kila makosa yalipotokea, aliongeza umeme kidogo.

Jumanne mchana, mkewe alimkuta ameshika tama mbele ya skrini. Mama huyu alikuwa amestaafu uuguzi, miaka ishirini na tisa wodini, na kompyuta hakuzijali. Lakini mtu akikaa vile mbele ya kitu kinachohema, miguu yake ilimpeleka yenyewe.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Inakaribia kupona."

"Daftari lako liko wapi?"

Akampa. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Saa nne: baridi kama mtungi. Saa tano: inavumilia kishujaa. Saa tano na nusu: karibu bila kosa.' Karibu bila kosa ni makosa mangapi?"

Nyongeza akakohoa. "Kumi na saba."

"Kumi na saba! Mzee wangu, hii ni ripoti ya mgonjwa au barua ya posa?"

"Nilitaka kuitia moyo."

"Unamtia moyo nani, daftari?" Akachana ukurasa mpya, akapiga mistari kwa rula kama alivyopiga maelfu ya mara: saa, joto, makosa, kilichobadilishwa. "Joto lake unalionaje?"

Akamwonyesha mahali skrini ilipoandika joto la vibao. Hamsini na tatu.

Mama akavua miwani. "Kipimajoto cha wodini kinaishia arobaini na mbili. Mgonjwa wa hamsini na tatu tungeshamfunika shuka uso."

Toka saa hiyo, kila robo saa aliandika, na hakuandika ila alichokiona. Kufikia jioni jedwali lilikuwa limesema lenyewe jambo ambalo daftari la Nyongeza lilikuwa limelificha majuma matatu: chini ya arobaini na nane, hakuna kosa, joto likivuka hapo, makosa. Kila siku, kila mara.

Nyongeza akajipiga paji la uso. "Ndoo zikipata joto zinavuja haraka zaidi!"

"Na wewe kila ikikosea unaongeza umeme. Umeme si ndio unaoipasha moto?"

Nyongeza akalivuta daftari lake la zamani, akalifunga.

"Mgonjwa ana homa, wewe unamwongezea blanketi," mama alisema. "Kesho tunaanza upya. Dawa moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu viwili bila kuniambia, narudi kwenye redio yangu."

Jumatano wakapunguza umeme, kutoka volti moja nukta nne tano mpaka moja nukta tatu tano. Joto likashuka, lakini makosa yakaja dakika ya kumi. Wakayarudisha mapigo ya kungoja kuwa kumi na sita. Makosa yakapotea kwa saa tatu. Alhamisi wakateremsha ile namba ya mzunguko mpaka elfu thelathini. Ijumaa mashine ikakimbia kwa muda wa saa sita kamili, elfu tatu na mia sita, joto arobaini na sita, makosa sifuri. Nyongeza alicheza kuzunguka meza, akagonga goti, akaendelea kucheza kwa goti lililobaki.

"Sasa teremsha tena," mama akasema. "Weka elfu ishirini."

"Kwa nini? Imepona! Tena elfu thelathini inapendeza kuitamka."

"Imepona hapa, kwenye ukumbi wenye upepo. Mgonjwa hupewa dawa ya kumvusha siku yake mbaya."

Nyongeza aliitazama ile namba kama mtu anayeagana na ndugu. Kupunguza kitu ambacho hakuna aliyemlazimisha kukipunguza, jambo hilo alikuwa hajapata kulifanya maishani. Akashusha pumzi, akaandika elfu ishirini.

Jumamosi shemeji aliwapokea kwa shikamoo ndefu na uso wa mtu asiye na dhambi. "Meza ya dirishani tu ndiyo iliyo wazi. Nyingine zote zina kazi za watu."

Jua lilikuwa limeshaitandikia meza ile mkeka. Mama akamtazama mdogo wake kwa jicho moja, halafu akafungua jedwali lake.

Saa tatu kamili, programu ikaanza. Saa nne, joto arobaini na tatu, makosa sifuri. Saa tano, arobaini na sita, sifuri. Kinyozi alikuwa akija kila baada ya kichwa kimoja, mashine yake ya kunyolea bado inanguruma mkononi, anachungulia, anatangaza barabarani: "Bado inapumua!" Watu wakaanza kujaa mlangoni.

Saa sita na nusu, hamsini.

Mkono wa Nyongeza ukaenda kwenye pazia la dirisha.

"Hakuna kugusa, shemeji," fundi akasema kwa upole. "Pazia halimo kwenye makubaliano."

Saa saba na robo, hamsini na mbili. Nyongeza alimwona mkewe akiandika kama aliyekuwa akijua mgonjwa huyu atapona. Sifuri. Saa nane, hamsini na mbili. Sifuri. Kinyozi alikuja na hakurudi tena dukani kwake. Mteja wake akamfuata na shuka shingoni na nusu ya kichwa imenyolewa, naye akatoa macho kwenye skrini kama wengine.

Saa tisa kamili, programu ikasimama. Katikati ya skrini kukaandikwa mstari mmoja wa kijani: makosa, sifuri.

Duka likalipuka. Mwenye nusu ya kichwa alimkumbatia mtu asiyemjua. Kinyozi aliunyanyua mkono wa Nyongeza juu kama wa bondia. Shemeji akasogeza kiti, akakagua kasi, akakagua volti, akakagua namba ya mzunguko, na alipoifikia hiyo akageuka taratibu.

"Elfu ishirini? Wewe? Ungeweza kuweka zaidi ya elfu sitini."

"Ningeweza," Nyongeza alisema. "Ingekufa saa sita mchana. Hiyo ni kazi ya dada yako, na wala sikuongeza neno."

Shemeji akamtazama dada yake. Mama alikuwa akikunja jedwali lake mara nne, ameshika midomo isicheke.

"Haya," shemeji akasema. Akavuta stuli, akakaa, akaweka mikono chini ya mapaja.

Nyongeza hakuharakisha. Alipewa kiti, akakikataa. Akapewa maji, akanywa nusu. Ndipo akaanza, kwa sauti ya mtu mwenye mchana wote mbele yake.

"Mwaka ule wa pampu namba tatu, niliifungulia kidogo tu, kidogo hivi, maji yakapanda kilimani kwa nguvu hata samaki wa mtoni wakafika kwenye tangi wanahema. Ikabidi niwape mapumziko kabla hawajaendelea na safari ya mabombani."

Mkono wa shemeji ukachomoka wenyewe kutoka chini ya paja.

"Mwamuzi anauona mkono," kinyozi akasema.

Mkono ukarudi.

"Walikuwa samaki mia mbili," Nyongeza akasema, akamkazia shemeji macho, akangoja. Duka zima likangoja. Mshipa ukamcheza shemeji shingoni. Mikono ikabaki chini ya mapaja.

"Mia nne," akasema Nyongeza.