Seti za Marehemu

Kaka yake alikufa akaacha kazi imezagaa kwenye seva, kama mtu aliyetoka mara moja kununua vocha. Na seva yenyewe ya zamani, inazimwa leo jioni. Kitakachobaki humo, basi tena.

Dada mtu alikuwa programa ofisi hiyohiyo, meza ya dirishani. Programu wanayotumia inatunza kila badiliko analofanya mtu, kila kazi na tawi lake, na matawi ya kaka yalikuwa hayahesabiki. Kuyahamishia seva mpya, lazima uiambie programu iunganishe seti zake zote za mabadiliko: ya tawi hili, na la pili, na lile kule, ziwe seti moja. Akaiamuru. Ikasota weee, ikaanguka. Kina kimezidi, ikasema.

"Imeanguka tena?" Kipara, jirani yake wa meza, akauliza. Huyo kwa utani hajambo, ila tangu msiba ulimi wake ulikuwa umeshika adabu.

"Tena."

"Dada'angu, tatizo unalijua. Usinitolee macho."

Alilijua. Sehemu ya kuunganisha aliiandika kaka mwenyewe. Inachukua seti moja, halafu inajiita yenyewe ishughulikie zilizobaki. Iliyoitwa nayo inachukua moja, inajiita tena. Hakuna anayejibu mpaka wa ndani kabisa ajibu. Seti zikiwa chache, safi. Zikiwa nyingi, inazama mpaka pumzi inakata. Na dawa ipo: kata rundo katikati, kila nusu ikate tena, mpaka zibaki mbilimbili, ndipo uunganishe ukipanda. Kina kinapungua, hata mtoto anasimama.

Lakini tangu mazishi dada mwenyewe alikuwa amepiga marufuku mtu kugusa mistari ile. Wenzake wakawa wanapita pembeni. Nani amwambie mfiwa kwamba marehemu alikosea?

"Ingekuwa mimi ningeshagusa zamani," Kipara akasema polepole. "Yeye angenitukana, halafu angesema ahsante."

"Angekuita kichwa tikiti."

"Aliniita hivyo hata nilipokuwa na nywele."

Dada akacheka. Akafungua faili. Pembeni ya kila mstari, jina la kaka, jina la kaka, jina la kaka. Kidole kikafika kwenye kitufe cha kufuta, kikagoma.

"Nitoke?" Kipara akauliza.

"Kaa."

Akafuta. Akaandika yake, nusu kwa nusu, machozi yakidondokea kibodi na yeye hata hayafuti. Akaiamuru programu tena. Ikanyamaza. Kipara akashika ukingo wa meza. Halafu matawi yakaanza kuingia seva mpya, la kwanza, la pili, yakafuatana kama watu wanaotoka msibani.

"Yanakuja," Kipara akanong'ona. "Yanakuja yote, mama wee."

Likabaki la kuhifadhi badiliko. Programu ikamwuliza sababu, kama inavyomwuliza kila mtu. Akakaa akiutazama mstari mtupu. Angeweza kuandika neno moja tu, wengi ndivyo wanavyofanya. Yeye akaandika:

"Nimepunguza kina. Njia ya kaka ilitosha seti chache. Kumbe alifanya kazi nyingi kuliko alivyojua."

Akahifadhi, akachukua simu, akampigia mama.