Mwenye Lakiri

Simu ya Theopista ilimkuta Noela ofisini kwake Kambarage, mjini Shinyanga, ameshika bahasha iliyosafiri mbali kuliko yeye. Ilitoka Shinyanga, ikapita wizarani Dodoma, ikavuka mpaka hadi mahakama ya Lubumbashi, kisha ikarudi kwa njia ileile na mstari mmoja wa Kifaransa: mhusika hakukutwa.

"Mwanangu, wamepakia kabuni!" Theopista alikuwa akihema. "Magunia yamepigwa lakiri, gari limeelekea Buseresere. Wanafungua kesho!"

Noela aliiweka bahasha mezani.

Kazi yake ilikuwa kusambaza nyaraka za mahakama, na nyaraka hii ilikuwa imemshinda. Mdaiwa, Sostenes, alikuwa na mtambo wa kuchenjua dhahabu kando ya shamba la Theopista, nje kidogo ya Runzewe. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kukamuliwa dhahabu, aliyamwaga bila kujali mpaka. Kilima kilikua, kikavuka uzio wa minyaa, kikafunika nusu ya kaburi la Meshack, mume wa Theopista. Mama huyo aliposhtaki, Sostenes alihamia Lubumbashi na kuacha mtambo uendelee kusaga.

Bila mdaiwa kupewa samansi, kesi haisogei. Jaji aliruhusu apelekewe huko huko nje. Ombi la kumtangaza gazetini alilikataa, kwa kuwa anwani yake ilijulikana. Sasa alikuwa ametoa nafasi ya mwisho: kama hadi Ijumaa samansi haijamfikia, shauri litaondolewa mahakamani. Na masika yalikuwa yamekaribia. Mvua kubwa moja tu, kilima kile kingeshuka na kulimaliza kaburi.

Noela alimpigia wakili wa Theopista.

"Edward, Sostenes anakuja."

"Nani kakwambia?"

"Kabuni yake."

Wakili Edward alicheka. "Dada, amri inasema apelekewe Lubumbashi."

"Amri inaruhusu kumpelekea nje. Haikatazi kumkuta ndani. Isome tena."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Haikatazi," alisema Edward, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyesimama. "Nenda! Bado upo hapo?"

Kabuni ni chembe nyeusi zinazonyonya dhahabu kwenye matangi. Anayebeba gunia lake amebeba utajiri asioweza kuuona, na asichokiona mtu ni rahisi kuibiwa. Ndiyo maana katika ukanda mzima wa Geita watu wana desturi moja: lakiri ya gunia haikatwi mpaka mwenye mali asimame mbele yake na kuitikia jina lake. Watu hutuma ndugu harusini, hutuma ndugu hata msibani. Kwenye lakiri hawatumi mtu.

Alfajiri ya kesho yake Noela aliendesha gari mwenyewe. Alimchukua Theopista Runzewe, aliyekuwa amevaa kitenge cha kanisani na rozari shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanyaga mafuta, salamu nyingine tutamalizia njiani."

Walipofika Buseresere, kwenye kiwanda cha kutoa dhahabu ndani ya kabuni, tanuru lilikuwa limeshawashwa na wanunuzi wamejipanga kivulini na mizani zao. Mlinzi aliwazuia. Humo, alisema, ni wenye mali tu. Noela alionyesha kitambulisho. Afisa madini aliyeitwa Marwa, mtu mnene mwenye mkasi wa chuma mkononi, alikisoma pande zote mbili.

"Ingieni. Lakini usinivurugie kazi yangu."

"Siivurugi, afisa. Naitegemea."

Sostenes alikuwa ameketi kando ya magunia yake, miwani myeusi usoni. Theopista alimtambua kwa mwendo wa bega alipogeuka.

"Ndiye! Yule pale!"

Noela alimsogelea bila kukimbia, ingawa miguu ilitaka. "Habari za leo. Wewe ndiye Sostenes?"

Mtu yule alitabasamu. "Kaka yuko Lubumbashi, dada. Mimi mdogo wake."

"Yaya!" Theopista alifoka, akikataa kwa Kisukuma. "Yaya! Huyu kala ugali jikoni kwangu kabla hajawa bosi!"

"Mama, umri umekuingia machoni. Tunafanana tu."

Wanunuzi walicheka. Noela alikuwa ameshaitoa bahasha. Akimpa asiye mdaiwa, siku ya Ijumaa wakili wa upande wa pili angeichana samansi hiyo mbele ya jaji. Neno la mlalamikaji peke yake lilikuwa dhaifu. Aliirudisha bahasha kwapani.

"Sawa," alisema. "Basi tusubiri."

Akasimama hapo hapo, nyuma yake kidogo.

Marwa aliinua mkasi, akasoma kitambulisho cha mzigo kwa sauti. "Sostenes! Mwenye mali yupo?"

Tanuru lilinguruma.

"Mwenye mali yupo?"

"Mimi ni mdogo wake," alisema yule mtu kwa sauti ya chini. "Kaka amenituma."

Marwa alishusha mkasi. "Nani katuma mtu kwenye lakiri? Wewe mgeni huku? Vijana, rudisheni magunia garini. Yatakaa stoo mpaka mwenyewe aje na kitambulisho chake."

Wapakizi wawili waliinama. Gunia la kwanza likanyanyuka. Mnunuzi mmoja alianza kufunga mizani yake huku akisonya. Gunia la pili likanyanyuka. Theopista alikuwa ameshika rozari kwa mikono yote miwili, na Noela aliichomoa tena bahasha kwapani.

"Shusheni," alisema mtu yule.

"Kwa amri ya nani?" aliuliza Marwa.

Yule mtu alivua miwani. Alimtazama Noela, akayatazama magunia, akatoa kitambulisho mfukoni.

"Mimi. Mimi ndiye Sostenes."

"Sema kwa nguvu, kelele ya tanuru ni kubwa," alisema Marwa.

"Mimi ndiye Sostenes!"

Neno halijapoa, Noela alikuwa ameshamtia bahasha mkononi. "Sostenes, hii ni samansi ya mahakama. Unaitwa Ijumaa. Saini hapa."

Sostenes aliitupa chini kama kaa la moto. "Sisaini!"

"Kutosaini ni hiari yako. Umepokea, na watu wote hawa wamesikia umejitaja. Afisa, utakuwa shahidi wangu?"

Marwa alikuwa akicheka huku tumbo likicheza. "Ameitikia mara mbili! Lete, nisaini!"

Wanunuzi walipiga makofi. Theopista aliinama, akaiokota bahasha, akaipangusa vumbi, akaiweka juu ya gunia la Sostenes na kuikandamiza kwa jiwe.

"Usiiondoe," alimwambia. "Nami marudio yako sijayaondoa. Ijumaa tutaulizana nani aanze."

Halafu akapiga kigelegele kilichoizidi sauti ya tanuru, na Marwa akakata lakiri.