Duara la Pampu Inayougua

Basi, mtunza boila alimwamini shemeji yake mhandisi, kaka wa mkewe, mtu wa kula naye sahani moja. Mhandisi alipima usalama wa kiwanda kwa kuchora ukutani maduara matatu, kila moja hali ya pampu ya maji, ambayo ikifa boila hulipuka: pampu nzima, pampu inayougua, pampu iliyokufa. Asubuhi moja yakabaki mawili.

"Shemeji, la inayougua liko wapi?"

"Nimelichanganya na la nzima. Hesabu imekuwa nyepesi, mkubwa wa kiwanda kafurahi."

"Hii inayonikoholea sikioni kutwa ndiyo nzima?"

"Kwa hesabu, ndiyo."

Mtunza boila akacheka, kisha akachungulia dirishani. Meza ya mhandisi, iliyokuwa jirani na pampu jana, sasa ilikuwa kule getini.

"Na meza yako, shemeji, imehamishwa na hesabu gani?"