Moto na Radi Tu

Prosper wa bima alipokuja Bulyaga kumkatia Sekela bima ya mashine ya kusaga, alieleza vizuri, mtu asimsingizie. Alikaa juu ya gunia la pumba, suruali imenyooka kama ya bwana harusi, akasema, "Mama, hii ni bima ya moto. Inalipa moto na radi tu. Mafuriko, tetemeko, maporomoko ya udongo, hayo yana nyongeza yake. Unaongeza kidogo, yanaingia."

"Mvua yenyewe hii?" Sekela akacheka. "Mvua ya Tukuyu ni shangazi, baba. Haibishi hodi, haiagi. Nani anamkatia shangazi bima?"

Tulicheka wote, na mimi jirani, fundi wa kuchomelea, ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa. Kwetu mtu huogopa moto kwa sababu hajauzoea.

Mashine ile aliiacha Hezron, marehemu mumewe, nayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha Sekela. Hezron mwenyewe alilala nyuma ya banda, migombani, kama tunavyozika sisi: nyumbani, karibu na watu wake.

Aprili, Jumapili moja watu wakiwa kanisani, kilima kikashuka. Tuliporudi hapakuwa na banda wala mashine wala migomba. Mabati mawili yalichungulia kwenye tope, na mbao zilizovunjika. Msalaba wa kaburi tuliuokota chini kabisa, mtoni. Hezron hatukujua ameishia wapi; tukashika majembe kumtafuta.

Siku Prosper alipopiga simu kwamba anamleta mkaguzi, Ambokile, mdogo wake Hezron, akaja na kidumu cha mafuta ya taa.

"Shemeji, tuchome hizi mbao. Tuseme moto ulianza, udongo ukafuata. Nani alikuwepo?"

"Ambokile," nikamwambia, "mbao zilizolowa hivi hata jehanamu wangezirudisha zikaanikwe kwanza."

"Wewe tania tu. Mwenzio atakula nini?"

Bila malipo ya bima, mashine nyingine angeiota tu. Tukamtazama Sekela. Akakipokea kile kidumu, akalitazama tope lote mpaka mwisho wake, akakirudisha.

"Kaka yako yumo humu."

"Najua, shemeji, lakini..."

"Yumo upande gani? Nionyeshe, tuwashe upande mwingine."

Ambokile akaanza kufunga kidumu. Kifuniko kikakataa kuingia mpaka nikamsaidia.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Aliingia topeni na viatu vyake vya ofisini, akapiga picha, akauliza, "Mama, ilianzaje? Kulikuwa na moto?"

Prosper aliinamisha kichwa. Nadhani naye alikuwa akiomba Sekela aseme ndiyo.

"Ni udongo, baba. Moto haukuwepo."

"Na nyongeza ya maporomoko hukuchukua."

"Sikuchukua."

"Basi pole sana, mama. Hapa bima haina la kulipa."

"Ndaga," Sekela akamshukuru kwa lugha ya kwao, kwa adabu zote, kama mtu aliyepewa kitu. Kisha akainua jembe.

"Sasa sogea kidogo, mwanangu. Hapo uliposimama hatujapachimba."