Mkono wa Mwalimu Nassoro

Mwalimu Nassoro alipokufa, Jumanne asubuhi, waliomwosha walikuta mkono wa kulia haupo. Ulikuwa umeishia kwenye kifundo, na pale palikuwa pamefunga vizuri kama kitovu. Shehe akasema kizikwe kilichopo, maana mvua ilikuwa inashuka kutoka Magamba na kaburi lilikwisha kuchimbwa.

Miaka thelathini alifundisha maigizo kwenye ghala la viazi nyuma ya soko la Lushoto. Nusu ya wale wanaolia kwenye televisheni, yeye ndiye aliyewafundisha kulia. Alifundisha kwa makofi. Aliyelia vizuri alipewa tunda, peasi.

Alhamisi saa kumi, watu wakiwa mazoezini, mkono uliingia dirishani, na pete yake ya fedha na chaki kwenye kucha. Mika, mmoja wa wanafunzi, alikuwa amesahau maneno. Ukampasua mdomo. Mika akatema jino kwenye kopo la rangi, akaendelea pale alipoishia, na safari hii hakukosea.

Kwa mwenzake Saumu jambo lilikuwa zito. Sikio la kushoto mwalimu alikwisha kulipasua akiwa hai, na daktari wa Mombo alimwambia kofi moja upande wa kulia, basi, hatasikia tena. Na mchezo ulikuwa Jumamosi, yeye ndiye wa kuigiza mama mfiwa.

Akapanda kwa mjane, Bi Mwanaheri, aliyekuwa amekaa eda, hatoki. Alimkuta anachambua maharage. Akamwamkia, akaketi, akamwomba auite mkono nyumbani ukafukiwe pamoja na mwenyewe.

Bi Mwanaheri alisogeza ushungi. Sikio lake lilikuwa limejikunja kama uyoga mkavu.

“Mwanangu, miaka thelathini nimelala na mkono huo. Sasa unakuja kwenu, mimi nalala. Niuite wa nini?”

Akampa kichupa cha mafuta ya nazi. “Upakeni. Baridi hii ngozi inapasuka.”

Jumamosi Saumu aliupaka mafuta, kidole kwa kidole. Mchezo ulipofika pale pa kulia, mkono ukampiga upande wa kulia. Alilia hadi mgeni wa heshima kutoka Tanga akavua miwani. Mgeni akasimama, akaomba mkono uazimwe shule za Magoma, hata siku mbili kwa wiki.

Saumu hakuyasikia. Aliona viganja vya watu vikikutana na kuachana kimya kimya, akainama Mika alipomgusa. Damu ilikuwa imemshuka hadi kwenye kanga ya mchezo.

Mkono ukamletea peasi, kubwa, la Rangwi. Akalifuta kwa pindo la kanga, akalila.